Simu ya jirani inalia, moyo unaoruka ni wangu

Shangazi, shikamoo.

Miaka yote nasoma safu yako kwa ajili ya ndoa za watu, nikicheka. Leo nimeshika kalamu mwenyewe, na wala si mambo ya ndoa.

Nina miaka 34, naishi Makorora hapa hapa Tanga, nina watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne. Nipo kwenye ofisi ya wakala wa forodha, mwaka wa saba huu. Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo. Meli ikiingia, mimi ndiye ninayekimbizana na nyaraka mpaka kontena au gari la mteja litoke getini. Zamani meli zilikuwa zinasimama huko mbali, mzigo unaletwa kwa matishari, kazi inakuja na kupoa. Tangu bandari ichimbwe na meli zianze kufunga gatini, kazi imekuwa nyingi, na riziki hiyo tunamshukuru Mungu. Lakini ofisini tulikuwa watano, tumebaki watatu. Walioondoka hawajaletewa mbadala.

Kilichonimaliza ni simu, Shangazi. Wateja wako Dar, Arusha, mpaka Kigali, na wote wana namba yangu. Kundi la WhatsApp la kazini linaamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa sita usiku. Bosi akituma ujumbe nisipojibu, anatuma alama mbili za kuuliza. Nisipojibu tena, anapiga. Mzigo ukikaa bandarini gharama zinapanda kila siku, na anayetukanwa ni mimi. Imefika mahali simu ya jirani ikilia ng'ambo ya ukuta, moyo unaoruka ni wangu.

Saa tisa usiku naamka kama nimeitwa. Mabega mazito kama mbao, tumbo linawaka, nawaza tarakimu moja tu kwenye namba ya chasisi, niliandika tatu au nane? Nasahau vitu vya ajabu. Mwezi uliopita nilimsahau mwanangu mdogo chekechea mpaka saa kumi jioni. Mwalimu alinitazama, natamani ardhi ipasuke.

Na kuna hili ambalo sijamwambia mtu. Mzee mmoja alikaa mbele ya meza yangu akalia machozi, gari lake la kwanza maishani limekwama, pesa zimekwisha. Nilimtazama kama ninavyotazama ukuta. Mimi ambaye mtu akilia kwenye tamthilia nalia naye! Hata harusi ya binamu yangu Chumbageni, taarabu inapigwa, watu wanatunza, mimi nimekaa kwenye kiti natamani wazime spika nirudi nyumbani.

Hospitali nimekwenda. Zahanati moja huku mtaani, mwaka huu peke yake, wameniambia nina taifodi mara tatu na UTI mara mbili. Dawa nimemeza zote. Presha mara iko juu kidogo, mara iko sawa. Usiku nameza Piriton ili nilale, mchana nakunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu, viwili, na kahawa. Mwenzangu kazini anasema atanipatia Valium.

Mama anasema ni mashetani ya bibi yangu, yamenirithi, na kuna fundi amempata upande wa Pangani. Anataka mbuzi mweusi na laki tatu na nusu. Baba watoto naye ananiambia, "Wenzako hapo bandarini wanabeba magunia hawalalamiki, wewe umekaa kwenye kiyoyozi."

Wakati mwingine nikiwa juu ya bodaboda asubuhi nawaza, tukianguka hapa nikavunjika mguu, nitalazwa wiki mbili, nitalala. Zamani nilikuwa naenda kazini kwa baiskeli, nikaacha kwa sababu ya haraka.

Naumwa nini? Niache kazi?

Mama Wawili, Makorora

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na bodaboda, maana hilo umelichomeka chini kabisa ya barua kama mtu anayeficha deni. Nilikuwa muuguzi miaka 29 kabla ya kukaa kwenye kiti hiki, na wagonjwa wenye mawazo hayo ya kuvunjika mguu ili wapumzike nimekutana nao wengi kuliko unavyodhani. Walimu, wauguzi wenzangu, wanawake waliojifungua watoto watatu kwa miaka minne. Kwa wengi wao ilikuwa ni njaa ya usingizi, basi. Lakini kutoka kutamani kulala mpaka kutamani usiamke si mbali, na mtu aliyechoka huvuka bila kujijua. Kwa hiyo nakuuliza wazi kama ambavyo ningekuuliza kitandani wodini: unawaza kufa? Umewahi kufikiri utafanyaje? Kama jibu ni ndiyo, hata ndiyo ndogo, acha kusoma. Mwambie baba watoto au mama yako sasa hivi, mtu akushike mkono mwende hospitali ya mkoa, Bombo, saa yoyote, idara ya dharura, na useme maneno hayo hayo uliyoniandikia. Kama jibu ni hapana, bado nataka uende wiki hii. Tutafika huko.

Sasa, hiyo simu ya jirani.

Kwenye ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi. Ikipata habari ya hatari, tuseme mbwa amekutokea gizani, inapiga mbiu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya neva na ni ya haraka sana. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia, zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linaambiwa liache kusaga chakula kwa sasa. Njia ya pili ni ya homoni, inapita kwenye tezi ya pituitari na inachukua dakika kadhaa, nayo inaleta kotisoli ili akiba ya sukari mwilini ifunguliwe na nguvu zisikatike njiani. Walter Cannon, mwalimu wa Harvard, aliyaeleza mambo ya mwili kujiandaa kupigana au kukimbia katika kitabu chake cha mwaka 1915, na msingi wake bado umesimama. Mbwa akishapita, kotisoli yenyewe inarudi ubongoni kusema inatosha, na upande wa pili wa neva, ule wa kutuliza, unarudisha moyo taratibu kwenye mwendo wake. Tumbo linaanza tena kusaga. Unacheka, unawahadithia watu.

Mfumo huu ni wa zamani na haujui kusoma. Alama mbili za kuuliza za bosi wako unazipokea kama mbwa. Na mbwa wako hapiti. Anaanza saa kumi na moja alfajiri, anaondoka saa sita usiku, na hata akiondoka anakuachia mlio wake kwenye simu ya jirani.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi, Sahare. Sitakudanganya kwamba kazi ile ni nyepesi, bahari ilimchukua kaka yake na maiti hatukuipata. Lakini maji yana majira. Kuna siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, na kuna siku za maji mafu, yakisogea kidogo tu, na kila mtu nyumbani alizijua kama anavyojua Ijumaa. Siku za kazi hatukumwona. Siku za kupumzika alikaa barazani akitengeneza nyavu na kubishana na wenzake mpaka mama akachoka. Hofu ya baharini aliiacha baharini, kwa sababu kulikuwa na saa ambayo chombo kimevutwa mchangani na hakuna mtu duniani anayeweza kumwambia arudi majini. Wewe huna saa hiyo. Kazi yako haina maji mafu, na hapo ndipo pana ugonjwa wako, mengine yote yanatokea hapo.

Mwaka 1993 wanasayansi wawili wa Marekani, Bruce McEwen na Eliot Stellar, walilipa jina lile linaloupata mwili unaokaa tayari kwa vita mwaka hadi mwaka. Jina walilotoa ni refu, lakini kiini chake utakielewa kuliko mimi: mzigo. Kila mara mwili unapojirekebisha kukabili jambo, kuna gharama. Gharama ya siku moja inalipika. Inayokaa bila kulipwa inapanda kila siku, kama unavyowaeleza wateja wako. Presha inaanza kuyumba. Kotisoli, ambayo kwa kawaida hupanda sana nusu saa hivi baada ya kuamka na kushuka chini kabisa karibu na saa sita usiku, mpangilio wake unavurugika, na usingizi nao. Mabega hayalegei kwa sababu hakuna aliyeyaambia vita vimekwisha.

Kuhusu kumsahau mtoto. Nimeisoma mara mbili sentensi ile ya mwalimu na nikaona unavyojihukumu. Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya, hipokampasi, imejaa vipokezi vya kotisoli, kwa hiyo msongo mrefu huigusa mapema. Kwa panya wa maabara waliobanwa wiki kadhaa, matawi ya chembe zake za neva yanafupika, huku amigdala, ambayo kazi yake ni kunusa hatari, matawi yake yanaongezeka. Yaani ubongo unakuwa hodari wa kuogopa na dhaifu wa kukumbuka. Panya wale wakipumzishwa, matawi ya hipokampasi yanarefuka tena. Binadamu si panya, lakini mwaka 2009 yalitoka matokeo ya wanafunzi wa udaktari huko Marekani waliopimwa baada ya mwezi mzima wa kujiandaa na mtihani mgumu. Uwezo wao wa kuhamisha umakini kutoka jambo hili kwenda lile ulikuwa umepungua, na picha za ubongo zilionyesha hivyo hivyo. Walipopimwa tena baada ya mwezi wa kupumua, ulikuwa umerudi. Wewe umekaa kwenye mtihani miaka mingi kuliko wao, kwa hiyo sikuahidi mwezi. Nakuahidi tu kwamba akili yako haijafutika.

Nije kwa yule mzee aliyelia. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, mwaka 1974 aliandika kuhusu wahudumu wa kliniki ya bure, watu waliokuja kwa moyo wa kusaidia na baada ya muda wakawa wakavu, wakali, hawana huruma. Alilijua kwa ndani, maana mchana alikuwa na wagonjwa wake wa kawaida na usiku yuko kliniki, mpaka mwenyewe akaanguka. Baadaye Christina Maslach wa California akaonyesha kwamba uchovu huu una sura tatu: nguvu kuisha, moyo kuwa baridi kwa kazi na watu wake, na kujiona hufai tena. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 liliutaja kwa sura hizo hizo tatu, kama hali itokanayo na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kudhibitiwa, na likasema wazi kwamba ni jambo la kazi, halikuuhesabu kuwa ugonjwa. Kwa hiyo ule ukuta uliouona kwa mzee yule hautokani na roho mbaya. Mwili umebana matumizi, na huruma inatumia nguvu nyingi. Nami niliwahi kumfunika marehemu shuka huku nawaza kama daladala za Kange zimekwisha. Nililia juu yake miezi mitatu baadaye, sokoni, mbele ya muuza nyanya.

Lakini harusi ya Chumbageni imenitia wasiwasi kuliko mzee. Aliyechoshwa na kazi, mwanzoni, ukimtoa kazini akasikia taarabu anachangamka, hata kwa nusu saa. Sonona haikai ofisini, inakufuata mpaka kwenye chano cha biriani. Ikiwa karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, moyo umeinama au hakuna kinachokupa raha, na juu yake usingizi, hamu ya kula, umakini vimeharibika na unajiona mzigo kwa watu, hapo tumeshavuka uchovu wa kazi. Uchovu wa muda mrefu huvuta sonona, na wasiwasi uliopitiliza pia. Sitaki kukutolea hukumu kwa barua. Ndiyo sababu nakutuma Bombo.

Ukifika, uliza kitengo cha afya ya akili. Najua watu wetu, ukitaja neno hilo wanaona hospitali za vichaa, Mirembe au Lutindi, milango ya chuma na funguo kiunoni. Utakachokuta ni meza, mtu na maswali. Kabla au pamoja na hapo, mwombe daktari apime vitu vinavyoweza kujifanya uchovu: wingi wa damu, sukari, tezi ya thairoidi, na ujauzito, usikasirike. Presha ipimwe siku kadhaa tofauti ukiwa umekaa na kutulia. Ikionekana ni sonona au wasiwasi, kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, kwa hiyo usiziache siku ya sita ukasema hazifai.

Hizo taifodi tatu na UTI mbili, nitasema kidogo tu kwa sababu nitachukiwa. Mwanamke akiingia na uchovu, kichwa na tumbo, siku hizi anatoka na mojawapo ya hayo mawili. Kipimo cha damu cha taifodi kinachotumika mitaani huweza kusoma ndiyo kwa mtu aliyewahi kuugua zamani, au hata bila taifodi. Mara nyingine wakikuambia hivyo bila homa, omba damu au mkojo viende maabara kuoteshwa kabla ya kumeza antibayotiki nyingine. Tumbo linalowaka baada ya dawa zote hizo, pamoja na kahawa, halinishangazi.

Valium ya mwenzako, hapana. Inatuliza kweli, na hapo ndipo hatari ilipo, ndani ya wiki chache mwili unaizoea na kuiacha kunakuwa vita vingine. Kama umeshaanza, usiikate ghafla, mwambie daktari. Piriton ni dawa ya mzio, inakupa usingizi wa juu juu na asubuhi kichwa kina ukungu, ndiyo maana unahitaji vile vinywaji. Na kafeini, baada ya saa tano hivi nusu yake bado iko mwilini. Cha saa kumi jioni kinakudai saa tatu usiku. Punguza kimoja kila baada ya siku tatu nne, ukikata vyote siku moja kichwa kitakuuma utukane safu yangu.

Sasa mama. Usigombane naye. Mama anakuona unaondoka mbele ya macho yake na anatafuta jina la kinachokuchukua. Akikusomea dua, kaa. Akikuletea kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya, kama ndiyo imani yenu, sina neno, dua na daktari havijawahi kugombania mgonjwa. Fundi wa mbuzi mweusi namkataa, kwa sababu laki tatu na nusu ni vipimo vyote nilivyokutajia na nauli ikabaki. Ila nikwambie jambo ambalo wauguzi wenzangu hawapendi nikilisema. Nilipokuwa mdogo niliona ngoma za kupunga pepo. Mwanamke aliyepandwa na pepo alikuwa hapiki, hafui, hachoti maji. Siku kadhaa anakaa katikati, wenzake wamemzunguka, anapakwa mafuta, anaulizwa anataka nini, na pepo anajibu kwa sauti kubwa kwamba anataka kanga mpya na mume aache kumsumbua! Watu wazima wanasikiliza na kutekeleza. Pepo sijui kama alikuwepo. Likizo ilikuwepo, tena yenye mashahidi. Mwambie mama kwamba sehemu hiyo unaitaka: akuchukulie watoto Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni, kila wiki, na asikuulize umefanya nini.

Baba watoto naye asome hapa. Baba, shikamoo yako naipokea kwa mbali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hilo unalijua. Mbeba gunia anachoka mwili, na kazi ile inavunja migongo, siibezi. Lakini gunia likishatuliwa limetuliwa. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba kazi inayoumiza akili zaidi ni ile inayodai sana huku anayeifanya hana uamuzi juu yake. Mkeo anatukanwa kwa kontena asilolimiliki, kwa mfumo asiouendesha, kwa meli iliyochelewa baharini. Kiyoyozi hakipoozi hayo. Na usiku akiamka saa tisa usimwambie lala. Amka naye.

Umeuliza kuhusu kuacha kazi. Mwezi huu usiamue. Ubongo uliochoka unaona milango miwili tu, kubaki na kufa au kukimbia, na ukikimbia leo utaingia ofisi nyingine na simu ile ile mkononi. Nunua daftari la mia tano. Kwa wiki mbili andika saa unayoanza, saa unayomaliza, na kila ujumbe wa kazi uliojibu baada ya hapo. Usimwonyeshe mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, saa za ziada ziwe kwa makubaliano na zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Kila wiki una haki ya saa 24 mfululizo za kupumzika. Likizo ya mwaka ni siku 28, na hujanigusia likizo popote, naona kama huijui ladha yake. Ugonjwa nao una likizo yake, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Vifungu vya saa havimhusu anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kwa hiyo tazama mkataba wako umekuitaje. Wengine hupewa cheo kizuri kwa sababu hiyo tu.

Ukienda kwa bosi, usiende na neno msongo. Hatalielewa, au atasema na yeye anao. Nenda na daftari na ombi moja: baada ya saa mbili usiku simu ya kazi ishikwe kwa zamu, mnabadilishana watatu, siku moja moja. Ana sababu ya kukubali, kwa kuwa tarakimu ya chasisi iliyokosewa na mtu asiyelala inamgharimu yeye. Akikataa kabisa, kuna afisa kazi wa mkoa, na kama hakuna chama cha wafanyakazi ofisini kwenu utajua umepungukiwa na nini. Likizo ukipewa, ichukue mfululizo, laini ya kazi iachwe ofisini. Siku za mwanzo utajisikia vibaya kuliko kazini. Utatafuta simu mfukoni, utakuwa na hasira, utalala mchana kama mgonjwa. Usiseme likizo imeshindwa.

Kwa saa tisa usiku, hili ninalitumia mwenyewe. Kaa kitandani, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, mpaka ufike kama pumzi sita kwa dakika. Utausikia moyo wenyewe ukipunguza mwendo kila unapotoa pumzi. Ni neva ya vagasi, inatoka ubongoni kupitia shingoni mpaka moyoni na tumboni, ndiyo inayoushika moyo breki. Watafiti wa Italia waliandika mwaka 2001 kwamba watu wakisali rozari kwa Kilatini, au wakirudia maneno ya yoga, pumzi zao zinashuka zenyewe karibu na sita kwa dakika. Walipima hayo mawili tu, lakini aliyewahi kukaa na bibi akivuta tasbihi baada ya Isha atajua kwa nini nilitabasamu niliposoma. Dakika tano. Haitakuondolea bosi. Inauonyesha mwili tu kwamba mlango wa kutokea bado upo, na ukiufungua kila usiku unalainika bawaba.

Niandikie daftari likijaa, hata mistari mitatu. Na hiyo baiskeli iliyolala uani, matairi yake yana upepo? Kutoka Makorora hadi bandarini hata ukiendesha kama mama mkwe ni safari fupi, na juu ya baiskeli mtu hawezi kupokea simu.